Je, picha ya mwanga na sauti inaweza kuniepusha na sindano ya biopsi?

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34 na ninaishi Tororo. Miezi miwili iliyopita niligusa kivimbe kigumu katika titi la kushoto, hakiniumi. Nilipigwa ultrasaundi Mbale, wakasema kina milimita 14 na ripoti ikaandikwa BI-RADS 4A. Daktari alitaka nirudi nichukuliwe kinyama kwa sindano. Shangazi yangu amenikataza kabisa, anasema kivimbe kikichokozwa kwa sindano kinageuka kansa na kutawanyika. Wakati huohuo kaka yangu anayefanya kazi Ujerumani amenitumia video ya mashine inayoangaza leza kwenye titi na kusikiliza sauti inayotoka ndani, bila sindano wala mionzi, na picha yake inaonyesha mishipa yote ya damu kwa rangi. Yuko tayari kunilipia tiketi. Naomba unieleze mashine hiyo inafanyaje kazi, kama leza haitaniunguza, kama itafanya kazi kwenye ngozi nyeusi kama yangu, na kama niisubiri badala ya kuchomwa sindano."

Dada yangu, pole kwa miezi hii miwili ya mashaka, na asante kwa kuandika maelezo yaliyokamilika, kwa kuwa yananiwezesha kukujibu bila kukisia. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka: usiisubiri mashine hiyo. Rudi hospitali uchukuliwe kinyama. Hata hivyo nisingependa uende kwa sababu tu mtaalamu amekuambia uende. Ningependa uende ukiwa unaelewa mashine ya kwenye video inaona nini na haioni nini, kwa sababu video ile si ya uongo na kaka yako hakukosea kuitilia maanani. Teknolojia hiyo ipo, inafanya kazi, na binafsi naihesabu miongoni mwa mbinu zenye werevu mwingi zaidi katika fani nzima ya picha za kitabibu. Ila inajibu swali tofauti na lile ambalo daktari wako anauliza.

Tutazame kwanza ripoti yako. BI-RADS ni mfumo wa makundi unaotumiwa na wasomaji wa picha za matiti katika nchi nyingi, ili alichokiandika daktari wa Mbale kieleweke vilevile na daktari wa Kampala au wa Munich. Kundi la 4 lina maana kwamba kivimbe kina dalili zinazotosha kudai uthibitisho wa maabara, na herufi A inakiweka katika ngazi ya chini ya kundi hilo, ambayo uwezekano wa kuwa saratani ni zaidi ya asilimia 2 na hauzidi asilimia 10. Kwa maneno mengine, katika wanawake 100 wenye ripoti kama yako, 90 au zaidi wataambiwa baada ya biopsi kwamba hawana saratani, na wengi wao watakutwa na fibroadenoma, ambayo ni uvimbe usio wa saratani unaowapata hasa wanawake vijana. Kwa hiyo hamu yako ya kuikwepa sindano ina msingi. Hata watafiti walioipeleka mbinu ya mwanga na sauti kwenye matiti walisukumwa na hamu hiyohiyo ya kupunguza idadi ya wanawake wanaochomwa ili hatimaye waambiwe hawana kitu. Lakini wale wachache waliobaki katika mia hiyo hawawezi kutofautishwa na wenzao kwa kukipapasa kivimbe, na kutokuuma hakumtoi mtu katika hesabu, kwa sababu saratani nyingi za titi haziumi mwanzoni.

Sasa mashine yenyewe. Ukizima taa usiku na kuibana tochi ya simu kwenye kiganja, utaona nyama imewaka wekundu hadi upande wa pili, lakini hutaona mfupa wala mshipa uliojificha ndani. Jaribio hilo dogo linabeba shida yote ya kutazama ndani ya mwili kwa mwanga. Mwanga unapenya, na ule mwekundu pamoja na wa infraredi, ambao jicho haliuoni, hupenya sentimita kadhaa, ila haufuati njia iliyonyooka. Kila unaposonga sehemu ndogo ya milimita unagonga seli na nyuzi za nyama na kugeuzwa mwelekeo, hivi kwamba baada ya safari ya kama milimita moja haiwezekani tena kujua ulitoka upande gani. Ndiyo sababu hadubini, ambayo huonyesha seli mojamoja, haiwezi kuzamisha macho yake chini sana ya ngozi. Sauti ina tabia nyingine. Katika nyama laini mawimbi ya sauti hutawanyika mara mia hadi mara elfu pungufu kuliko mwanga, na kwa sababu hiyo ultrasaundi uliyopigwa iliweza kukichora kivimbe chako kwa mipaka inayosomeka. Lakini ultrasaundi nayo ina upofu wake. Inaonyesha umbo na mipaka. Ikiwekewa kipimo cha Doppler huona pia damu inayokwenda kasi, ila vimishipa vyembamba vyenye damu iendayo taratibu huiponyoka, wala haiwezi kusema kama damu ile imebeba oksijeni au imeishiwa.

Fotoakustiki, ndilo jina la mbinu uliyoiona, inauoanisha uwezo wa hivi viwili: mwanga ndio unaoingia, sauti ndiyo inayotoka. Wewe unaishi Tororo, mji uliowahi kuandikwa katika vitabu vya rekodi kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976, kwa hiyo kanuni yake unaishi nayo. Radi inapopiga, hewa iliyo katika njia yake hupata joto ghafla na kutanuka kwa kishindo, na kutanuka huko ndiko kunakotufikia kama ngurumo. Anayehesabu sekunde tangu kuona mmweko hadi kusikia ngurumo anaweza kukadiria radi ilipiga umbali gani, takriban kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Ndani ya titi hutokea jambo hilohilo kwa kipimo kidogo mno. Leza hutoa mpigo wa mwanga unaodumu nanosekunde chache, yaani mafungu machache ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Mwanga huo hutawanyika ndani ya nyama upendavyo, na safari hii hatujali, kwa kuwa hatuutegemei utoke nje kutuletea habari. Unapoufikia mshipa, hemoglobini ya damu, yaani kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni, huunyonya, na damu hupata joto dogo sana, la kadiri ya sehemu moja ya elfu ya nyuzi ya Selsiasi. Kwa kuwa joto hilo limekuja kwa ghafla kuliko damu inavyoweza kutanuka kwa utulivu, shinikizo hupanda papo hapo. Sehemu moja ya elfu ya nyuzi hutosha kuzalisha paskali 800 hivi, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya mia ya shinikizo la hewa linalotuzunguka, lakini kwa kifaa chepesi cha kusikia ni sauti inayosikika wazi.

Wimbi hilo, lenye masafa ya juu mno kwa sikio la binadamu, husafiri ndani ya nyama kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde na kupokewa na vihisio vilivyowekwa juu ya ngozi, vya aina inayotumika katika ultrasaundi ya kawaida. Sauti iliyotoka kina cha sentimita 3 hufika baada ya mikrosekunde kama 20, ilhali safari ya mwanga kwenda huko ni fupi mno hata haiingizwi katika hesabu. Kompyuta hulinganisha wakati ambao kila kihisio kiliisikia sauti, kisha hurudi nyuma kwa hesabu hadi mahali ilipozaliwa. Mbinu hii ina babu wa mbali: mwaka 1880 Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, aligundua kwamba mwanga wa jua uliokatwakatwa kwa gurudumu lenye matundu huvifanya vitu vigumu vitoe sauti. Hakuna aliyeweza kuutumia ugunduzi huo tumboni wala kifuani mwa mtu hadi ilipopatikana leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, na baadaye kompyuta zenye kasi. Mwaka 2003 kundi la mtafiti Lihong Wang huko Marekani lilionyesha ubongo wa panya ukifanya kazi bila kufungua ngozi wala fuvu, na mwaka 2018 kundi lake lilichapisha picha za mishipa ya titi zima hadi kina cha sentimita 4, zilizopigwa wakati mwanamke amezuia pumzi kwa sekunde 15 tu, bila titi kubanwa kama inavyofanyika kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi.

Rangi ulizoziona kwenye video hazimo mwilini. Zimepakwa na kompyuta, ila hazikupakwa ovyo. Hemoglobini yenye oksijeni na ile iliyoishiwa hazinyonyi mwanga kwa kiasi kimoja. Ukitumia mwanga wenye wimbi la urefu wa nanomita 757, ile iliyoishiwa oksijeni hunyonya zaidi, na ukitumia wa nanomita 1,064 mambo hugeuka. Mashine hupiga kwa mianga miwili, hulinganisha ukubwa wa sauti zilizorudi, na kutoa makadirio ya oksijeni katika kila mshipa. Umuhimu wake kwa saratani unatokana na njaa ya saratani yenyewe. Mwaka 1971 Judah Folkman alipendekeza kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita milimita chache bila kujijengea mishipa mipya ya damu, na tangu hapo imedhihirika kwamba mishipa hiyo hujengwa kwa pupa: imepindapinda, inavuja, na oksijeni inayoleta haitoshelezi. Msomaji wa picha anayeona kivimbe kimezungukwa na vimishipa vya namna hiyo ana haki ya kuongeza shaka yake, na asipoviona ana haki ya kuipunguza kidogo.

Kuongeza shaka na kupunguza shaka, hiyo ndiyo kazi yote ambayo mashine hii inaweza kudai kwa sasa. Mashine ya kwanza ya aina hii kwa ajili ya matiti kuidhinishwa Marekani, iitwayo Imagio, ilipata idhini mwezi Januari 2021 kama msaidizi wa ultrasaundi kwa vivimbe ambavyo tayari vimeonekana. Haikuidhinishwa kushika nafasi ya biopsi. Utafiti mkubwa uliotangulia idhini hiyo, uliochapishwa mwaka 2018, unafaa kusomwa pande zote mbili. Kati ya vivimbe 100 visivyo vya saratani, ultrasaundi peke yake iliweza kuviondolea shaka 28 hivi. Ilipoongezewa mwanga, vikawa 43. Hilo ni punguzo la kweli la sindano zisizo za lazima. Lakini kati ya vivimbe 100 vya saratani, ultrasaundi peke yake ilivitilia shaka 98 au 99, na ilipoongezewa mwanga, 96. Anayeuza mashine atakuonyesha hesabu ya kwanza. Mimi ninayemshauri mwanamke mmoja, ambaye nauli, shamba na watoto vinaweza kumzuia asirudi kliniki kwa miezi sita ijayo, nalazimika kuitazama ya pili.

Kuna sababu za kimaumbile kwa nini makosa hayo hayataisha hata mashine zikiboreshwa. Damu nyingi si alama ya saratani pekee. Titi la mama anayenyonyesha limejaa mishipa, jipu lina mishipa, kifua kikuu cha titi, ambacho kwetu bado kinaonekana, nacho huivuta damu, na fibroadenoma changa inaweza kuwa na mishipa mikubwa kabisa. Kwa upande mwingine, baadhi ya saratani hukua polepole na kimya, bila kujitangaza kwa damu. Zaidi ya hayo, tuseme picha imeonyesha saratani bila shaka yoyote: matibabu bado hayawezi kuanza. Daktari anahitaji kujua kama seli zina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, na kama zina wingi wa protini iitwayo HER2, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoamua kama utapewa vidonge vya kuzuia homoni, dawa za kuua seli za saratani, au sindano maalumu dhidi ya HER2. Habari hizo zimo ndani ya seli, na seli hazina budi kufika chini ya hadubini ya mwanapatholojia. Picha inasaidia kuelekeza sindano mahali panapofaa.

Shangazi yako hasemi peke yake. Imani hiyo nimeisikia katika kila pembe ya nchi, na sidhani inafaa kudharauliwa, kwa sababu imezaliwa na mambo ambayo watu waliyaona kwa macho yao. Hapa Uganda wanawake wengi wenye saratani ya titi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea. Wakifika huchukuliwa kinyama, maana hakuna matibabu bila hicho, na baadhi hufariki muda mfupi baadaye. Jamaa waliobaki wanakumbuka mpangilio wa matukio: alikuwa na uvimbe akiishi nao, akachomwa sindano, akafa. Kumbe aliyeua ni ucheleweshaji uliotangulia sindano. Sindano haiwezi kuigeuza fibroadenoma kuwa saratani, kwa kuwa saratani hutokana na mabadiliko katika vinasaba vya seli. Kuhusu kutawanyika, nitakuwa mkweli kwako: ikiwa kivimbe ni saratani, sindano inaweza kusogeza seli chache kwenye njia iliyopita. Seli hizo mara nyingi hufa zenyewe, na upasuaji na tiba ya mionzi vinavyofuata huhusisha eneo hilo. Biopsi ya sindano ndiyo njia inayopendekezwa katika miongozo ya tiba ya nchi zilizoendelea na zinazoendelea, kwa matajiri na kwa maskini. Mweleze shangazi kwa heshima, na kama anaweza kusafiri, nenda naye Mbale. Maelezo ya daktari mbele yake yatakusaidia nyumbani kuliko barua yangu.

Kuhusu kuungua, jibu ni fupi. Nguvu ya leza inayoruhusiwa kuifikia ngozi imewekewa kikomo cha kimataifa, ambacho kwa mwanga unaoonekana ni milijuli 20 kwa kila sentimita ya mraba katika mpigo mmoja, na kwa mwanga wa nanomita 1,064 ni milijuli 100. Ndani ya mipaka hiyo mgonjwa husikia joto dogo au hasikii kitu. Macho ndiyo yaliyo hatarini, na kwa sababu hiyo kila aliyemo chumbani, mgonjwa akiwemo, huvaa miwani maalumu. Mionzi ya aina ya eksirei haimo kabisa.

Swali lako kuhusu ngozi nyeusi linahitaji jibu refu zaidi, nami nakupongeza kwa kuliuliza, kwani kwa miaka mingi halikuulizwa vya kutosha na wale waliopaswa kuliuliza. Melanini, inayoipa ngozi yetu weusi, imekaa katika tabaka la juu la ngozi ambalo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, nayo hunyonya mwanga kwa bidii. Matokeo yake ni matatu yanayoshikana. Mwanga unaobaki kuendelea chini hupungua, kwa hiyo mishipa ya ndani hutoa sauti dhaifu. Ngozi yenyewe, kwa kuwa imenyonya mwanga mwingi, hutoa sauti kubwa. Sehemu ya sauti hiyo huelekea ndani, hugonga tabaka za nyama na kurudi kama mwangwi, na kuchora katika picha vivuli visivyo na mshipa wowote. La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: melanini hainyonyi mianga yote sawasawa. Hunyonya zaidi ile ya urefu mfupi na kupunguza kadiri mwanga unavyoelekea kwenye infraredi, kwa hiyo inaivuruga ile mizani ya mianga miwili ambayo makadirio ya oksijeni yanaitegemea. Mashine iliyofundishwa kwa ngozi nyeupe inaweza kusoma oksijeni ya mwanamke wa Tororo vibaya bila kuonyesha dalili yoyote kwamba imekosea.

Tumeshaonywa kuhusu jambo hili na kifaa rahisi zaidi. Kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni, ambacho wengi walikifahamu wakati wa korona, hutumia mianga miwili vilevile, na mwezi Desemba 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Vifaa hivyo vilikuwa hospitalini kwa miongo kadhaa. Watafiti wa fotoakustiki sasa wanalishughulikia tatizo hilo: wanatumia mianga mirefu zaidi ambayo melanini huiachia ipite, wanapima weusi wa ngozi kabla ya kupiga picha ili kompyuta iurekebishe, na wanatengeneza vielelezo vya maabara vyenye ngozi za rangi mbalimbali. Kwa hiyo mbinu hii inafanya kazi kwenye ngozi nyeusi, lakini usahihi wake kwetu haujajengewa ushahidi uliolingana na ule wa wenye ngozi nyeupe. Siku hospitali yoyote ya Uganda itakapotaka kununua mashine kama hii, swali la kwanza mezani liwe ni wanawake wangapi wenye ngozi kama yetu walipimwa nayo, na matokeo yao yalikuwaje. Vikomo vya usalama nilivyovitaja hapo juu navyo havitofautishi rangi ya ngozi, na ningependa viangaliwe upya.

Sasa nauli ya kaka yako. Ujerumani kweli ni miongoni mwa vinara wa mbinu hii. Mwaka 2017 madaktari wa Erlangen walionyesha kwamba inaweza kusaidia kupima ukali wa ugonjwa kwa wagonjwa wa Crohn, yaani maradhi ya muda mrefu ya utumbo kuvimba, bila kuingiza kamera tumboni. Lakini hata huko, mwanamke mwenye ripoti ya 4A hupelekwa kwenye biopsi. Ungetumia wiki nyingi kutafuta viza, ungefika, na daktari wa kule angechukua sindano ileile iliyoko Mbale. Mashine za fotoakustiki hazimo katika utaratibu wa kawaida wa kuchunguza matiti hapa Uganda, na nikisema wazi maoni yangu, kwa sasa sioni kwamba ndipo shilingi yetu ya kwanza inapopaswa kwenda. Leza zake ni ghali na zinahitaji umeme usioyumba na fundi aliye karibu. Zinatengenezwa pia mashine zinazotumia taa za LED, ambazo ni nafuu na hazina masharti mengi, ila mwanga wake ni dhaifu na hauendi kina kirefu. Wakati huohuo zipo wilaya ambazo mwanamke hapati ultrasaundi nzuri ya titi, na majibu ya maabara ya patholojia huchelewa kwa sababu wanapatholojia ni wachache. Kaka akitaka kukusaidia, agharimie biopsi, vipimo vya vipokezi ikiwa vitahitajika, na usafiri wako. Nawe ujihadhari na wale watakaosikia habari hizi wakakuuzia "skana ya leza" au kile kifaa cha kushika kiganjani kinachodai kusoma magonjwa yote ya mwili kwa dakika moja. Hicho hakina uhusiano wowote na fotoakustiki, na hakiwezi kuona kivimbe cha titi.

Utakaporudi Mbale, uliza kama watatumia sindano nene inayokata kipande cha nyama, kwa kuwa ile nyembamba inayofyonza seli peke yake mara nyingi haitoshi kutoa majibu yote ya vipokezi. Utachomwa kwanza dawa ya ganzi, utasikia mlio wa kifaa na msukumo, na baadaye unaweza kupata alama ya kuvilia damu na maumivu ya siku chache. Ni vizuri sindano iongozwe kwa ultrasaundi ili ikipate kivimbe chenyewe. Mara nyingi mgonjwa au jamaa yake ndiye anayebebeshwa kichupa kupeleka maabara. Ikiwa itakuwa hivyo, hakikisha kina formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na si maji wala maji ya chumvi, kwani ndani ya maji sampuli huharibika, na hakikisha jina lako, tarehe na upande wa titi vimeandikwa juu ya kichupa chenyewe. Kipeleke siku hiyohiyo. Majibu yakitoka, mwombe daktari ayalinganishe na picha: yakisema fibroadenoma na picha ikakubali, utaambiwa urudi kuangaliwa baada ya miezi kadhaa na uendelee na maisha yako, yakisema hakuna kitu ilhali picha inatia shaka, biopsi irudiwe, maana inawezekana sindano ilikikosa kivimbe. Yakisema saratani, omba barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, inayotibu saratani tangu 1967, na kwa milimita 14 utakuwa umefika mapema kuliko wengi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi wa titi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituo cha afya kwa mara ya kwanza, na sehemu ya muda wako imeshapita, kwa hiyo panga safari ndani ya wiki mbili hizi. Ukiona ngozi ya titi inabonyea au kuwa na vitundu, chuchu inavutwa ndani au kutoa damu, titi linavimba na kuwa jekundu au lenye joto, au ukigusa tezi kwapani, usingoje siku ya miadi. Nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu kesho yake asubuhi, na ubebe ripoti ya ultrasaundi pamoja na picha zake.